Simba Wawili wa Mimbari ya Mwangangi

Wapendwa waombolezaji, Jumapili ya tarehe 12 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, katika kanisa hili la Tassia, mzee wa kanisa Lusweti aliinyooshea kidole mimbari ambayo baba yetu, Mwangangi Muoki, alikuwa ameichonga, akasema, "Chukizo la uharibifu limesimama patakatifu!" Mimbari ikapelekwa stoo, na baba hakuingia tena humu hadi leo alipoletwa.

Baba alizaliwa Wamunyu tarehe 3 Mei 1956 (nimewauliza shangazi wawili, anayejua vingine anisahihishe baada ya ibada), akasoma huko hadi darasa la saba, akafundishwa kuchonga na babake, na mwaka wa 1979 akafungua karakana Kariobangi. Tarehe 14 Julai 1984 alimwoa mama yetu, Kaluki, wakajaliwa watoto wanne, nami Ndete ndimi kitinda mimba.

Miguuni pa mimbari alichonga simba wa Danieli kwa mkono uleule uliochonga simba wa kuuzia watalii, na washirika wakawatambua; kwa Mzee Lusweti, hizo zilikuwa sanamu za sokoni ndani ya kanisa. "Mzee, hawa si wale wa dukani?" Mama Lenah alimtania, naye akajibu, "Mkono ninao huu mmoja, mama."

Alipokataliwa, alisoma. Alitueleza mezani kwamba Wayahudi wengi husoma maneno hayo ya chukizo la uharibifu, yaliyo katika kitabu cha Danieli, wakimkumbuka mfalme Antioko, aliyesimamisha madhabahu ya kipagani katika Hekalu la Yerusalemu na kukomesha dhabihu, na kwamba sisi Wakristo, tukisoma Mathayo ishirini na nne, wengine huona Warumi waliolibomoa Hekalu mwaka wa 70, wengine wangali wanangoja yatimie. Hakumdharau yeyote, ila aliuliza, "Kote huko waabuduo walizuiwa. Simba wangu wamemzuia nani?"

Mapafu yalimdhoofikia, akalazwa tarehe 20 Juni 2025, akaaga dunia Jumanne tarehe 8 Julai, saa kumi na moja jioni, akiwa ameniomba jambo moja, kwamba historia yake isomwe kwenye mimbari hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wa Kariobangi waliolitengeneza jeneza hili.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilibisha kwa Mzee Lusweti, nikiwa nimepanga hoja zote, za Wayahudi na za Wakristo, lakini sikufika hata kwa Antioko. Alitoka na ufunguo wa stoo mkononi. "Shika upande wa simba, binti yangu," alisema, "mgongo wangu hauinami siku hizi," tukaibeba mimbari pamoja hadi hapa nilipoweka karatasi hii.

Baba, umeingia. Pumzika sasa.