Feni Mbili na Kitambaa cha Mama Mkwe

Mzee Valerian hakupenda kusikiliza ya watu, ila ndani ya basi la Handeni kwenda Korogwe masikio hayana kifuniko.

Kwenye kiti cha mbele yake, Loyce, mpiga picha za harusi, alikuwa amepakata feni mbili ndogo. "Seva yangu, ile kompyuta ya nyumbani, ndiyo ghala la picha, kaka. Inachemka, inajizima. Ikiungua, maharusi wa Korogwe nzima watanidai nyuso zao. Hizi zote zitapuliza ndani."

Jirani yake, mwalimu wa kompyuta, alicheka. "Dada, jiko lisilo na pa kutokea moshi utapikia? Moja iingize hewa, nyingine itoe. Tena ungechagua kubwa, huzunguka taratibu bila makelele. Nyuma ya seva pako wazi?"

"Pana kitambaa. Mama mkwe alikidarizi, kinaifunika juu hadi nyuma."

"Kitoe."

"Utamwambia wewe, mwalimu?"

Mwalimu akageukia dirishani. Mzee Valerian, ambaye naye alikuwa na mama mkwe huko Vugiri, alimwelewa kabisa.

Basi likasimama stendi. Loyce akashuka, akapiga goti kidogo mbele ya mama aliyekuja kumpokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kile cha kompyuta naona kilikuwa kifupi," alisema mama, akikunjua kitambaa kipya. "Hiki kinafika chini."