Auleria Kokwijuka na Pembe Zilizoitwa za Uongo

Habari hii hakuna atakayeiamini, lakini Rwegoshora, mdogo wake marehemu, alikuwapo.

Auleria Kokwijuka alizaliwa Ihembe mwaka 1899. Alisoma mafundisho ya ubatizo tu. Shule alimwachia Rwegoshora, aliyefika darasa la tatu na kuliringia kama la kumi.

Mwaka 1921 aliolewa na Byabato wa Bugomora, mkulima wa kahawa, mtu mpole. Byabato alifariki 1944, naye akarudi Ihembe na binti yao, Deodatha.

Kazi yake ilikuwa kupiga chuku, aliyoachiwa na mama yake, Kemirembe: kumchanja mgonjwa kidogo, kubandika pembe ya ng'ombe na kufyonza damu mbaya. Wenye kuumwa migongo na vichwa walimwita shambani, akaacha jembe akaja. Mpaka magoti yakakataa. Deodatha hakuitaka kazi hiyo. Hivyo Mei 1955, karani wa idara ya serikali ya vitu vya kale alipopita akiomba vifaa vya tiba za zamani, marehemu alimpa pembe zote kwa sharti moja: liandikwe jina la Kemirembe.

Mwaka uliofuata yeye na mdogo wake walikwenda ofisi ya idara hiyo Bukoba kuziona. Zilikuwa na kibandiko: "Pembe za wasema uongo, Karagwe." Karani, aliposikia chuku, alijua ile ya kutia chumvi tu. Rwegoshora alicheka mpaka akakaa chini. Marehemu hakucheka.

"Mama yangu hakuwa mwongo," alisema.

Akaambiwa arudi siku nyingine. Alirudi mara mbili, juu ya magunia ya kahawa kwenye lori, miguu imevimba. Safari ya mwisho kibandiko kilibadilishwa: "Pembe za kutibia. Mali ya Kemirembe wa Ihembe." Rwegoshora akamsomea. Marehemu hakumwamini, akamsimamisha muuguzi aliyekuwa akipita, akasomewa yaleyale. Ndipo akaketi.

Hakupata nguvu tena. Aliugua moyo tangu Machi 1957, akafariki nyumbani tarehe 9 Juni. Ameacha binti yake Deodatha, wajukuu wanne, na Rwegoshora, aliyemsomea rasimu ya wasifu huu marehemu akiwa bado hai kitandani. Alipofika panaposema kwamba siku ya kibandiko kipya mji mzima ulisimama, ngoma zikalia, na Bwana Mkubwa wa wilaya mwenyewe akapiga magoti mbele ya—

"Chuku hiyo, mdogo wangu," marehemu alisema. "Alikuwa karani peke yake, tena anapiga miayo. Niache nipumzike."

Basi tumwache.