Mwaka wa Tatu wa Oneida Stidham

Oneida Stidham anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya kufundisha uuguzi kwa miaka thelathini na minne. Jambo nililolificha juu yake lina umri mkubwa kuliko utumishi huo. Nina miaka themanini na tisa, mapafu yamechoka, ndiyo maana niliomba wasifu huu niuandike mimi.

Alikuja chuoni kwetu, hapa milimani Kentucky, akiwa mke wa mchimba makaa na mama wa watoto wawili. Stashahada ya muuguzi aliyesajiliwa ilikuwa ya miaka miwili. Yeye aliisoma mitatu. Sababu mnaijua. Katika mtihani wa kuweka mpira wa mkojo, nikiwa msimamizi, nilisema, "Umegusa shuka. Glavu si safi tena." Lilikuwa jaribio lake la mwisho. Akarudia mwaka mzima, huku akipanga bidhaa dukani na kumuuguza mumewe, ambaye hakuishi kumwona mkewe akivishwa beji ya uuguzi.

Hakuninunia. Alifaulu, akatumika wodini miaka sita, akarudi kufundisha. Wahitimu wake wamejaa kila hospitali ya bonde hili. Wawili ndio wanaonigeuza kitandani sasa, na katika mikono yao naiona mikono yake. Simjui binadamu mwingine aliyeenea hivyo.

Mwanafunzi mmoja alimwona akisugua mikono kwa sabuni, akamtania: "Mama Stidham, utachubuka ngozi!"

"Yangu itaota, mwanangu. Mgonjwa wako je?"

Kila Septemba huwaambia wanafunzi wapya, akinionyesha mimi: "Bwana Fugate alikiona kidole changu kikigusa. Mimi sikuhisi kitu! Kwa hiyo ukiwa na shaka, tupa, anza upya." Nao huniona mtu mwenye macho ya tai. Mwaka juzi nilianza kumweleza, akanikatiza: "Acha unyenyekevu, mzee. Mwaka ule ndio ulionifanya muuguzi."

Si mwaka ule, Oneida. Ni wewe. Asante kwa yote. Sasa kaa kitako, ule maharage na mkate wa mahindi vikiwa bado moto, na siku zako ziwe ndefu.

Siku ile ya mtihani nilikuwa nimegeukia dirishani, natazama theluji. Uliponiuliza kama uendelee, niliona aibu kukiri kwamba sikuwa naangalia. Sikuona kidole chochote kikigusa shuka.