Kwao Hakuna Hodi

Kwenye basi, mbele yangu walikaa muuguzi mstaafu na fundi cherehani mwenye mdomo. Masikio yangu sikuyaacha nyumbani.

"Mama, umri huo unakwenda kujifunza adabu kwa watu wa porini?"

"Sema wenyeji, mwanangu. Mimi nami niliwaita wa porini kule zahanati miaka thelathini, nikiwafokea wajawazito wao. Naenda kumwomba radhi mkunga wao."

"Si upige hodi tu, uingie?"

"Kwao hodi ni kumharakisha mwenye nyumba. Unasimama njiani kimya mpaka akuite. Juzi nilisimama kutwa, hakuniita."

"Na leo asipokuita?"

Basi likasimama. Muuguzi akashuka, akasimama mbele ya nyumba ya mkunga, mkoba kifuani. Dereva akapiga honi.

"We dereva, nyamaza!" fundi akamkemea. "Unamharakisha mwenye nyumba!"