Bega Lililoshuhudiwa Kabla Halijapona

Wapendwa, Bwana asifiwe. Na nyie mliokaa nje kwenye viti vya plastiki kwa sababu ndani kumejaa, Bwana asifiwe sana. Wengi mnanijua, mie Mama Upendo, msusi wa pale Tandale. Vichwa vya nusu ya kanisa hili vimepita mikononi mwangu, kwa hiyo leo nivumilieni nikianza kwa kutubu.

Ndugu zangu, mie niliwadanganya.

Mnakumbuka nilivyosimama hapa nikasema bega langu limepona. Nilikuwa nimeteleza uani na ndoo ya maji, bega la kulia likachomoka, likarudishwa hospitali. Tangu hapo likawa na tabia. Nikivuta pazia, linachomoka. Nikijigeuza kitandani, linachomoka. Na kusuka ni mikono juu kutwa. Mkaniombea, maumivu yakatulia wiki nzima, basi nikakimbilia madhabahuni kushuhudia. Mama Sifa, kiongozi wetu wa maombi, akanifunga kanga mpya kiunoni kwa furaha. Jumatatu yake, kichwa cha mteja nimekifikisha nusu, bega hilo likachomoka tena.

Nikanyamaza. Nikajiuliza, nani ataamini tena maombi ya kanisa hili, ikiwa mie niliyeshuhudia naonekana hospitali? Nikawa nalirudisha mwenyewe nyuma ya mlango, nimeuma kanga ile ile ya Mama Sifa nisipige kelele. Wateja nikawaambia siku hizi fasheni ni mistari minne mikubwa. Uongo mtupu. Kwenye sifa nikawa nainua mkono wa kushoto peke yake.

Mume wangu, Baba Upendo, ni mchonga vinyago, na mnajua hana maneno mengi. Siku moja akanikuta sakafuni jasho linanitoka. Hakunigombeza. Akanifuta uso, akasema, "Mti ukiwa na ufa, mke wangu, huupaki rangi. Twende hospitali."

Nikamwambia, "Na kanisa je?"

"Kanisa halisuki. Unasuka wewe."

Daktari alikuwa binti mdogo, aliniamkia shikamoo kabla hajanigusa. Akanieleza kwamba nyama inayolishika bega kwa mbele imechanika, na kila likichomoka linaichana zaidi na kusaga mfupa. Wanaweza kuishona. Kisha akanitajia na hatari zake. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Mshipa wa fahamu unaweza kuguswa, mkono ukapata ganzi. Bega linaweza kukakamaa, au likachomoka tena hata baada ya kushonwa. Nikamuuliza, "Nitasuka?" Akaniangalia machoni. "Mama, wengi wanarudi kazini, na mie nategemea utasuka. Lakini kukuahidi siwezi."

Hapo niliogopa jamani. Nisiposuka mie ni nani? Nikampigia Mama Sifa, nikamwambia yote, nikijua atanikemea. Badala yake akasema, na amenipa ruhusa niseme hapa, "Mwanangu, mie nina kisukari. Dawa huwa namezea chooni, watu wasinione." Tukalia sote wawili, halafu tukacheka.

Nikakubali kushonwa, na asubuhi ya upasuaji Mama Sifa alikuwa wodini kabla ya manesi wa zamu mpya. Bega la kulia lilishawekwa alama ya kalamu ya kuonyesha pa kupasua, akaogopa kuifuta, akaweka mkono kwenye la kushoto na kuombea la kulia.

Nilizinduka mkono umefungwa kifuani, ukakaa hivyo wiki sita. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomjua niliyeolewa naye. Baba Upendo aliniogesha, akanifunga kanga, na nywele akanisuka yeye, kwa vidole vilivyozoea mpingo. Mistari ilikwenda kila mmoja na njia yake. Mlinicheka, najua, maana nilikuja nayo ibadani hivyo hivyo. Sijawahi kupenda kichwa changu kama siku ile.

Kisha yakaja mazoezi. Vidole vinatambaa ukutani kupanda juu, na kila nilipofika Baba Upendo anaweka alama ya penseli. Kuna wiki alama hazikupanda hata kidogo, nikalia, akakaa chini na kulia na mie.

Leo bega halichomoki. Naomba nisiwadanganye mara ya pili. Ngozi ya hapa juu bado ina ganzi, na alama ya mwisho ya penseli iligota chini kidogo ya pale ninapopatamani. Baba Upendo akachukua msumeno, akapunguza miguu ya kigoda cha wateja. Sasa wanakaa chini zaidi, na mie nasuka mistari midogo kama zamani.

Namshukuru Mungu aliyesikia maombi yenu, akanipa binti yule na sindano yake, akanipa mume, akanipa Mama Sifa, ambaye sasa anameza dawa zake hapa kwenye benchi la mbele. Na kama kuna mtu hapa alishuhudia kupona, lakini nyumbani kwake bado anauma kanga nyuma ya mlango, aje tumshike mkono. Ndugu yangu, Mungu ulishamwambia, anajua. Sisi ndio hujatuambia.

Basi tusimame tumwinulie Bwana mikono. Huu wangu wa kulia unaishia hapa, na hapa hapa nampa sifa zote.