Mama Benadetha Ndimbo na Ligi ya Milimani na Ziwani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Benadetha Ndimbo anafunga miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Kituo cha Vijana Mapambazuko, hapa Mbinga. Aliajiriwa kufundisha ushonaji. Anaondoka akiwa Mratibu wa Michezo, na hadi leo hakuna mtu ofisini anayethubutu kushona kifungo mbele yake.

Michezo aliikuta njiani. Wasichana wa netiboli walikuja kushonewa sketi, akawauliza wanacheza na nani. Wakamjibu kwamba hawana wa kucheza naye. Sketi zilipokwisha, alikuwa ameshawatafutia wapinzani watatu. Huo ndio ukawa mwanzo wa ligi yetu ya wanawake, inayokutanisha timu za huku milimani kwenye kahawa na za kule chini ziwani. Kwa miaka mingi ratiba ilisafiri mikononi mwa makondakta wa mabasi na kwenye matangazo ya kanisani baada ya ibada.

Mwaka 2019 mfadhili aliondoka, na kompyuta ya ofisi ikaondoka naye. Wengi tulidhani ligi imekufa. Mama Benadetha alibaki na simu yake, akajifunza kwa kutazama video za mtandaoni wakati wa chai. Akatengeneza fomu ya bure ya kusajili wachezaji, jedwali la matokeo ambalo kila mwenye kiungo cha mtandao aliweza kuliona, na kundi la WhatsApp la makocha na manahodha. Vichekesho havikukosekana. Kwenye fomu, palipoandikwa “Nafasi ya mchezaji”, kocha mmoja alijaza: “Nafasi ipo, aje tu.” Mwingine alipiga simu kuuliza jedwali limewekwa chumba gani, amtume mtu akalisome.

Pamoja na hayo, timu ziliongezeka. Matokeo ya Liuli, kule ziwani, yalisomwa Mbinga kabla wachezaji hawajavua jezi. Mama Benadetha alijivunia kazi hiyo, na alikuwa na haki.

Lakini wasifu huu ungekuwa pungufu kama tusingesimulia msimu wa 2022, kwa sababu hapo ndipo tulipomfahamu vizuri zaidi.

Msimu huo ilijiunga timu mpya, Mwangaza, kutoka kitongoji kimoja cha Liparamba. Mechi yao ya kwanza ilikuwa Jumamosi, ugenini ziwani, dhidi ya Usipa Queens ya Kocha Elias Mbunda. Uwanja ukahitajika kwa sherehe ya kanisani ya kipaimara, hivyo Mama Benadetha akairudisha mechi nyuma hadi Alhamisi, siku mbili kabla, na kutangaza kwenye kundi. Alhamisi ikafika, Mwangaza hawakutokea. Usipa Queens wakapewa pointi za mezani. Mechi ya pili, fomu ya kuthibitisha kushiriki haikujazwa, pointi zikaenda tena kwa wapinzani. Kanuni zetu zilisema timu ikikosa mara mbili inafutwa. Tangazo la kuifuta likatumwa kwenye kundi, na hakuna mtu wa Mwangaza aliyejibu. Sisi wa kamati tuliuchukulia ukimya ule kuwa dharau.

Yeye ukimya ule ulimsumbua. Alisema mtu aliyefukuzwa hata kama ana kosa hulalamika kidogo. Akapanda basi, akamalizia kwa bodaboda hadi Liparamba.

Aliwakuta uwanjani wakifanya mazoezi. Walimkimbilia, shikamoo kila upande, wakidhani amekuja kuwatazama kabla ya mechi ya Jumamosi. Mkononi walikuwa na ile ratiba ya karatasi waliyopewa mwanzoni mwa msimu. Hawakujua kwamba wamefutwa. Mtandao kitongojini kwao ulipatikana juu ya kilima tu, tena siku ukipenda, na simu ya nahodha wao, Restituta Ngonyani, ilikuwa na wiki kadhaa haijapanda kilima hicho.

“Jumamosi ile ya Usipa tulikwenda, Mama,” Restituta alimwambia. “Tulikuta mahema. Tukaambiwa leo hakuna mpira, ni kipaimara, karibuni chakula. Tukala, tukarudi. Tukajua mtatuletea habari. Na wale wa mechi ya pili tuliwasubiri hapa uwanjani hadi jioni, hawakuja.”

Mama Benadetha alilazimika kuwaeleza yote, wamesimama na jezi zao. Aliyemsikia anasema wasichana wawili walikaa chini palepale. Restituta aliuliza jambo moja tu: “Sasa sisi tungejuaje?”

“Mngejua kama ningekuja,” alijibu Mama Benadetha. “Sikuja. Nilituma.”

Aliporudi aliitisha kamati na manahodha. Alisema kosa ni lake, timu irudishwe na mechi zichezwe upya. Kocha Elias, ambaye timu yake ilikuwa kileleni mwa ligi, alipinga. “Kanuni ni kanuni, Mama. Mtandao ni wa wote.”

“Wote wa wapi, Kocha? Ni wa bure kwa mwenye nao. Asiye nao, lazima mtu amfuate.”

Mabishano yalikuwa makali, na kusema kweli wengi wetu tulikuwa upande wa kanuni. Ndipo nahodha wa Usipa Queens, Glorious, alipouliza kwa sauti ndogo: “Kocha, wale dada wenye mabegi siku ya kipaimara, tuliowapa pilau, si ndio hao?”

 Elias akashika kichwa. “Jamani. Mimi mwenyewe niliwaongezea nyama.” Akakubali mechi irudiwe, akisema hataki kombe la kupewa mezani.

Mechi ilirudiwa, na Mwangaza walifungwa vibaya. Tulitegemea machozi. Restituta alikuja kumshika mkono Mama Benadetha, jasho likimtiririka, akasema: “Asante, Mama. Leo tumefungwa na watu. Zile siku nyingine tulifungwa na simu.”

Tangu hapo ligi ina kanuni mpya, iliyoandikwa na Mama Benadetha kwa maneno machache: badiliko la ratiba si badiliko mpaka nahodha amejibu kwa sauti yake. Jedwali la mtandaoni lipo bado, na fomu zipo, lakini jedwali limeongezewa safu inayouliza nani amepelekewa habari, na amepelekewa na nani. Makondakta wamerudi kazini, na matangazo ya kanisani pia. Timu sasa ni kumi na nne. Mwangaza hawajawahi kuchukua kombe, na hawajawahi kukosa mechi.

Mama Benadetha, umetufundisha kutumia simu, na umetufundisha kuinuka kwenye kiti. La pili ndilo gumu, tunaendelea kujifunza. Asante kwa sketi, kwa ligi, na kwa safari ile ya Liparamba ambayo hakuna aliyekutuma. Unarudi nyumbani Liuli ukiwa na heshima ya wachezaji wengi kuliko wanaoweza kusajiliwa kwenye fomu yoyote.

Mungu akujalie afya njema, shamba lisilokosa mvua, dagaa wa usipa wabichi mezani, na Jumamosi nyingi zisizo na ratiba.

Henry Nchimbi
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako