Mama Udongo, Aliyefungua Lango Mwaka wa Ukame

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mama Udongo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kifungua mimba wa mfugaji na mshonaji nguo.

Alisoma shule ya bweni, kisha akahitimu chuo cha kilimo mwaka 1979. Karo ilitoka zizini, na mama yake alizoea kusema kila cheti cha binti huyo kina mkia.

Mwaka 1980 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa udongo. Alizungushia uzio uwanda uliolishwa mifugo kupita kiasi, aone kama mizizi ya nyasi itaurudishia udongo kaboni iliyopotea. Katika nchi kavu kazi hiyo haina haraka. Kwa miaka mingi vipimo havikuonyesha kitu, na wakubwa wakamtania kwamba anafuga vumbi. Polepole udongo wa ndani ya uzio ukaanza kuwa mweusi, huku shamba la jirani, lililolimwa kila msimu, likizidi kupauka.

Mwaka 1984 aliolewa na dereva wa kituo, aliyelalamika kwamba mchanga wa kitandani unashinda wa barabarani.

Ukame wa mwaka 2000 ulimleta mdogo wake, aliyebaki na mifugo ya baba yao, kwenye lango la uzio na ng'ombe waliobaki.

"Dada, nyasi zipo na ng'ombe wanakufa."

"Hiyo ni kazi ya miaka ishirini."

"Najua. Na hawa ndio waliokusomesha."

Alikaa chini na funguo mkononi, kisha akainuka, akafungua. Nyasi zikaisha, upepo ukachukua udongo wa juu. Kituo kilimhamishia stoo. Hakujitetea, wala hakumlaumu mdogo wake. Alisema tu, "Ningefungua tena, na ningelia tena."

Alipostaafu mwaka 2012, yeye na mdogo wake waliwashawishi wafugaji kulisha kwa zamu, kipande kimoja kikipumzika. Nyasi zimerudi kiasi. Kaboni bado, na alijua hataishuhudia.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini tarehe 17 Agosti 2023, mdogo wake akiwa kando ya kitanda. Alimwuliza kama mvua imenyesha.

"Bado, Dada."

"Basi kile kipande cha juu kinachopumzika msikifungue," akasema, akafumba macho.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na mdogo wake. Kipande cha juu bado kimefungwa.

Alichoka sana. Sasa apumzike, na iwe kwa amani.